Dawa ya Mseto Haitaki Maji Matupu

Umepimwa, malaria imeonekana, umepewa pakiti ya dawa ya mseto na kuambiwa umeze baada ya kula. Wengi hudhani agizo hilo ni la kulinda tumbo tu. La hasha, bila chakula dawa yenyewe haiingii mwilini inavyotakiwa.

Kwa nini? Kidonge kimoja kina dawa mbili. Artemetha hupiga vimelea haraka na kutoka mwilini mapema. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia, lakini karibu haiyeyuki kabisa katika maji, nao utumbo hufyonza kilichoyeyuka tu. Ukiimeza kwa maji matupu, sehemu kubwa huishia chooni. Kwa watu wazima wenye afya waliojitolea kupimwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini kwenye damu mara 16 hivi, ikilinganishwa na kumeza bila kula.

Basi ni lazima ununue nyama? Hapana, mafuta kidogo yanatosha. Kikombe cha maziwa, uji wenye karanga, andazi, parachichi au wali wa nazi vyote vinafaa. Chai ya rangi haisaidii. Mtoto anayenyonya, mnyonyeshe. Mgonjwa akikataa chakula siku ya kwanza, usimcheleweshee dozi: mpe maziwa anayoweza kunywa, kisha ukazanie chakula siku ya pili na ya tatu, homa ikishapungua.

Saa nazo zina utaratibu wake. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza: ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, kwa hiyo tegesha kengele ya simu. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kila mara, jumla 24. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kwa hiyo hakikisha anapimwa kwenye mizani.

Je, wataalamu hawawezi kutengeneza dawa inayoyeyuka yenyewe? Wanajaribu, na njia mojawapo ni silika, madini yaleyale ya mchanga. Hutengenezwa chembe zenye vitundu vya upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kisha dawa hujazwa humo. Ndani ya nafasi finyu hivyo dawa haiwezi kujipanga kuwa fuwele, yaani vipande vigumu kama vya chumvi, na ikiwa haijawa fuwele huyeyuka upesi. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya jaribio la namna hiyo kwa binadamu. Dawa ilikuwa fenofibrati, ya kupunguza mafuta kwenye damu, na kwa watu wachache wenye afya ilifyonzwa vizuri kuliko ile ya kawaida. Ni mwanzo mzuri, ila mseto wako wa leo haujatengenezwa hivyo. Ukiona silika imetajwa kwenye karatasi ya dawa, hiyo huwekwa ili unga utiririke vizuri mashineni. Na kile kipakiti kidogo cha silika ndani ya chupa ya vidonge ni cha kufyonza unyevu. Kiache humo, wala usikile.

Ukihisi una malaria, pa kwenda ni zahanati au kituo cha afya, upimwe kwanza. Ukinunua kwenye duka la dawa, uliza bei kabla, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na ununue dozi kamili. Nusu dozi ni hela iliyotupwa.

Ukitapika kabla ya saa 1 kupita tangu umeze, rudia dozi, kisha rudi ulikopewa dawa ukaongezwe ya kufidia. Mgonjwa akipata degedege, akipoteza fahamu, au akitapika kila kitu, achana na vidonge, mkimbize hospitali akachomwe sindano.