Kabla Hujanunua Marumaru: Mwongozo wa Kukarabati Jiko kwa Wakazi wa Nduruma

KWA NINI TUMETOA KIJITABU HIKI



Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Sababu inajulikana: Serikali inakadiria kuwa watu wapatao 33,000 hufariki nchini kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa kuni na mkaa. Mitungi ya gesi sasa imefika vijijini, na familia nyingi zinahamisha jiko kutoka banda la nje kuja ndani ya nyumba. Tumelihimiza jambo hili katika mikutano ya vijiji bila kuchoka, na tunajivunia kuona limepokewa.

Lakini malalamiko yanayotufikia yamebadilika. Zamani mama alilalamika macho kuwasha. Siku hizi tunaambiwa gesi inanuka usiku, soketi imeungua, fundi amekula fedha na kazi haijaisha. Tukienda kuangalia, tunakuta hali ileile. Ukuta umepigwa marumaru hadi darini. Kabati jipya linang'aa. Ndani ya kabati hilo, chini ya kaunta, mtungi wa gesi umefungiwa mlango, mpira umekunjwa nyuma yake kama utumbo, na dirisha dogo lililokuwapo limezibwa ili mstari wa marumaru usikatike.

Jiko hilo limegharimu fedha nyingi na ni la hatari kuliko banda la mafiga matatu lililobomolewa.

KANUNI MOJA TU

Fedha ya jiko itangulie kwenye vitu visivyoonekana: hewa, gesi, umeme na maji. Ikibaki, ndipo uende kwenye vinavyoonekana: marumaru, kabati, dari, rangi. Mgeni husifu marumaru na kwenda zake. Wewe na watoto ndio mnaovuta hewa ya humo kila siku.

1. HEWA

Kabla ya kuita fundi wa marumaru, simama katikati ya jiko lako, funga mlango, na ujiulize hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Kama jibu ni mlango peke yake, kazi ya kwanza ni kutoboa ukuta.

Jiko linahitaji dirisha linalofunguka na, juu karibu na dari, matundu ya kutolea joto na moshi. Jiko la gesi linahitaji pia matundu ya chini, usawa wa sakafu, yanayotokea nje. Haya ya chini ndiyo mafundi wengi huyasahau, na wenye nyumba huyaziba kwa kuogopa panya. Weka wavu wa chuma, usizibe.

Wanaoendelea kutumia kuni, hatuwakatazi kwa siku moja. Makande na loshoro havijaanza kupikwa leo, na tunajua sufuria ya makande inavyokaa motoni. Ila jiko hilo libaki nje, au lijengwe lenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa.

ONYO: Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni la kuota moto. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Meru huwashawishi watu kulala nalo. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kuisikia.

2. GESI: SEHEMU YA KUSOMA MARA MBILI

Sehemu nyingine za kijitabu hiki ukizipuuza utapoteza fedha. Hii ukiipuuza utapoteza nyumba, na pengine watu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini pasipo na upenyo. Kabati lenye mlango ni mahali hasa inapopapenda. Gesi hujaa humo kimyakimya, na siku mtu anapowasha taa au kiberiti, cheche moja inatosha.

ONYO: Usiweke mtungi ndani ya kabati lililofungwa. Fundi seremala akikwambia "ndiyo fasheni", mwambie fasheni hiyo haipiti hapa.

Mtungi ukae wapi? Mtungi mdogo wa kilo 6 unaofungwa jiko juu yake ukae sakafuni, penye hewa, mbali na mapazia na njia ya watoto. Mtungi wa kilo 15 unaounganishwa kwa mpira na jiko la plate mbili ukae wima, angalau mita moja na nusu kutoka kwenye moto, kamwe usilazwe. Mwenye uwezo aujengee kizimba cha nondo nje ya ukuta, kivulini, chenye kufuli, na bomba la shaba lipitishwe ukutani na fundi anayejua kazi hiyo. Kama kuna kitu kimoja katika jiko zima kinachostahili fedha ya ziada, ni kizimba hiki.

Mpira na regulata visiwe mahali pa kubana matumizi. Watu hutoa fedha nyingi kwa kaunta ya granaiti, kisha wakanunua mpira wa kumwagilia bustani na kuufunga kwa waya. Nunua mpira uliotengenezwa kwa gesi, wenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na uufunge kwa klempu pande zote mbili. Ukiukunja ukaona nyufa, au ukiwa umekuwa mgumu, utupe siku hiyohiyo. Hata usipokuwa na nyufa, tunashauri ubadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kila unapobadilisha mtungi, fanya hivi:

Koroga sabuni na maji kidogo hadi litoke povu. Lipake kwenye maungio yote: regulata, klempu ya mtungi, klempu ya jiko. Fungua gesi bila kuwasha moto. Povu likitoa viputo vinavyokua, kuna uvujaji. Funga, kaza, rudia. Povu likitulia, washa. Kazi nzima haizidi muda wa kuchambua mchele wa chakula cha jioni.

ONYO: Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Tunarudia: usitafute uvujaji kwa kiberiti.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kuizima, usiwashe moto, na simu usiiguse ukiwa ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu wote, kisha ukiwa nje piga 114, namba ya bure ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mafuta yakishika moto kikaangoni, zima jiko na funika kwa mfuniko, usimwagie maji.

Usipunjwe. Wengi wanaolalamika kwamba gesi imeisha upesi hawajawahi kuona mtungi wao ukipimwa. Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani, na una haki ya kupimiwa kabla ya kulipa. Soma uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma, karibu na mshikio. Ukiandikwa kilo 7.2, kwa mfano, mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kusoma 13.2. Angalia pia kama lakiri ya mdomoni haijachezewa. Muuzaji anayekasirika ukiomba mizani amekwishajibu swali lako.

3. UMEME

Jiko la zamani lilikuwa na taa moja. Jiko la sasa lina birika, friji, blenda, na kwa wengine jiko la umeme la presha. Hili la mwisho tunalipendekeza: huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na limefungwa, halitoi moshi. Lakini hesabu matumizi yako ya mwezi, kwa kuwa mteja wa daraja la chini akipita uniti 75, uniti zinazozidi hulipiwa bei ya juu zaidi.

Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa. Soketi za jikoni ziwekewe waya usiopungua 2.5, ziwe na waya wa ethi, na zikae mbali na sinki. Jiko kubwa la umeme liwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi. Fundi umeme awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe kabla hajapanda darini. Waya ukishafunikwa na marumaru, kuurekebisha ni kubomoa, na ndiyo maana umeme hutangulia marumaru.

4. MAJI

Watu wa Meru na Arusha hawahitaji kuelezwa habari za meno ya kahawia. Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na nchi yetu kwa miaka mingi ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 vijijini kwa kukosa vyanzo mbadala. Floridi nyingi huharibu meno ya watoto yakiwa bado kwenye fizi, na kwa miaka mingi hupinda mifupa.

ONYO: Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floridi iliyobaki huwa kali zaidi. Magadi nayo huwa na floridi, tena nyingi. Maharage na mahindi yaloweke tangu usiku. Yataiva upesi bila magadi, na gesi itabaki.

Kwa hiyo, kabla ya sinki la chuma cha pua la vyumba viwili, nunua mifereji ya paa na tangi. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 20 juu ya bati la mita za mraba 60 ni lita 1,200. Hata theluthi moja ikipotea, umepata lita 800 kwa mvua moja ya masika. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, usiikinge. Maji haya yawe ya kunywa na kupikia tu. Vyombo vioshwe kwa maji mengine. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe kama kawaida.

Asiye na nafasi ya tangi aulize kuhusu chujio la mkaa wa mifupa, linalopunguza floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapahapa Arumeru, kimefanyia kazi teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Chujio huchoka; lisipobadilishwa mkaa kwa wakati, ni ndoo tu.

5. VINAVYOWEZA KUSUBIRI

Marumaru ziwekwe sakafuni na nyuma ya jiko na sinki, mahali panaporukiwa na mafuta na maji. Ukuta uliobaki unatosha plasta laini na rangi inayooshwa. Dari ya jipsamu juu ya jiko la kuni ni fedha iliyotupwa. Kabati za ukutani zinaweza kungoja mavuno yajayo. Rafu za mbao zinashika sahani vilevile.

ONYO: Usichukue mkopo wa kausha damu kwa ajili ya marumaru. Marumaru hazilipi marejesho.

Fundi mlipe kwa hatua, si kwa mkupuo. Andikianeni karatasi yenye kazi, bei na tarehe, mbele ya shahidi au mjumbe. Vifaa nunua mwenyewe, na risiti ya EFD udai.

6. MITUNGI YA RUZUKU

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeendesha mradi wa kuuza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50 katika wilaya za Tanzania Bara. Kilichohitajika ni ukazi na kitambulisho au namba ya NIDA, kwa kufuata idadi iliyotengwa kila wilaya. Masharti mengine ulizia ofisi ya kata. Usimpe mtu yeyote fedha "akushikie nafasi".

KUMBUKA

Toboa matundu juu na chini. Toa mtungi kabatini. Paka povu kila unapobadilisha mtungi. Dai mizani. Waya kabla ya marumaru, tangi kabla ya sinki. Zimamoto ni 114.

Tumeyasema haya mikutanoni na sasa tumeyaandika. Asiwepo wa kusema hakuambiwa. Kama fedha uliyonayo inatosha jambo moja tu, acha marumaru dukani, mwite fundi atoboe ukuta, na leo hii, kabla hujapika chakula cha jioni, toa mtungi kabatini.