Kuchagua Gari la Kwanza la Kujiundia: Hesabu ya Mlima

Zamani, huko Ugweno katika Upare ya Kaskazini, wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha mchanga wenye chuma kwa makaa na mivukuto, na kazi ya mikono yao ikauzwa hadi Uchaggani. Si ajabu basi kumkuta fundi kijana wa Same akitamani kujiundia gari lake mwenyewe, la kushushia tangawizi kutoka Mamba Miamba. Fedha zake ni chache, na akikosea katika kuchagua hatapata za kuanzia upya. Makala haya yanakusudia kumsaidia kabla hajanunua chochote.

Gari la kujiundia ni lile ambalo bodi yake hutengenezwa na mjenzi, lakini injini, giaboksi, ekseli na breki hutoka katika gari kuukuu. Mwaka 1984 Mwingereza Anthony Howarth alisafiri kutoka nchi za barafu za kaskazini hadi kwenye Ikweta kwa magari aliyoyaita Africar. Bodi zake zilikuwa za plaiwudi iliyotiwa gundi ya epoksi. Mitambo ilikuwa ya Citroën 2CV, gari dogo la Kifaransa. Kampuni yake haikudumu, ila jambo moja alilolifanya katika magari ya safari hiyo lafaa kuigwa: hakuunda upya mitambo ambayo viwanda vilikwisha kuiunda vizuri. Mjenzi wa mara ya kwanza na achukue mitambo yote katika gari moja. Anayechanganya giaboksi ya huku na difu ya kule hulipa gharama mara mbili kwa fundi wa kukereza vyuma.

Wengi huanza kwa kuulizia injini kubwa. Hebu tupige hesabu. Tuseme gari pamoja na mzigo lina uzito wa kilo 1,200, nalo linapanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 8, kwa mwendo wa kilometa 15 kwa saa. Kuuinua uzito huo kwahitaji takriban kilowati 6. Tukiongeza ugumu wa barabara ya vumbi na upotevu ndani ya gia, hatuzidi kilowati 10, yaani nguvu za farasi kama 13. Ni kweli kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huko juu ni nyepesi. Hata hivyo, injini ya farasi 45 yatosha kabisa, ikiwa tu gia ya kwanza ni nzito ya kutosha.

Hatari iko katika kuteremka. Gari hilohilo likishuka mita 1,000 hadi tambarare, nishati ya megajuli 12 hivi lazima iende mahali fulani. Joto hilo lingeweza kuchemsha lita 35 za maji ya kawaida. Likiachiwa breki peke yake, vyuma huwaka, mafuta ya breki huchemka, na pedali huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Ndiyo maana dereva wa mlimani hushuka kwa gia ileile ambayo angepandia, akiiacha injini ishike gari. Mjenzi naye anapaswa kutumia fedha zake kwanza kwa breki, mipira yake na matairi, rangi ingoje.

Je, achague gari gani? Magari mengi madogo ya siku hizi hayana chasisi ya pekee: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na ukiikata gari hulegea. Hayo ayaache. Land Rover za zamani zina chasisi imara, lakini ni nzito na hunywa mafuta. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilipendwa sana na wajenzi wa Ulaya na Marekani, kwani bodi yake hufunguliwa kwa bolti ikabaki sakafu yenye mitambo. Kwa milima ya Upare, mimi ningechagua Suzuki ndogo ya aina ya SJ410: ina chasisi ya pekee, injini ya sentimita za ujazo 970, na gia za ziada za mwendo wa pole. Kabla ya kulipa, azunguke maduka ya spea ya Same na Moshi akiulizia pampu ya breki na bamba la klachi. Asipovipata, gari hilo si rahisi hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Asikate wala kuchomelea sehemu yenye namba ya chasisi, kwa kuwa namba hiyo ndiyo huliunganisha gari na kadi yake ya usajili. Nao askari wa usalama barabarani waulizwe mapema, kabla msumeno haujagusa chuma.

Jaribio la kwanza lifanyike tambarare, gari likiwa tupu, kisha kwenye kilima kifupi chenye nafasi ya kusimamia chini yake. Baada ya kila mteremko mjenzi asogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, breki zake zifunguliwe siku hiyohiyo.