Kwa Nini Mke Huua? Somo juu ya Ndoa na Milango Iliyofungwa

Mwezi huu twataka kujifunza jambo zito, ambalo watu hulinong'ona njiani watokapo mazishini, lakini barazani hawalisemi: habari ya mke aliyeua kwa ajili ya mambo ya ndoa yake. Waalimu wa kanisa walioko Laela, Matai, Namanyere na Ufipa yote wajua kwamba habari ya namna hii ikisikika, watu huuliza neno moja tu: "Ni shetani gani aliyemwingia?" Sisi twaona swali hilo ni fupi mno. Yafaa tuulize hivi: alipita njia gani hata akafika pale, na ni nani waliokuwa wakikaa kando ya njia hiyo?

1. Hadithi ya wake watatu

Uko mchezo wa televisheni uitwao Why Women Kill, maana yake, Kwa Nini Wanawake Huua. Aliyeutunga ni Marc Cherry wa Marekani, nao ulianza kuonyeshwa mwezi wa Agosti 2019. Sehemu yake ya kwanza yatueleza wake watatu waliokaa katika nyumba moja mjini Pasadena, California, kila mmoja kwa zamani zake: Beth Ann mwaka 1963, Simone mwaka 1984, na Taylor mwaka 2019. Katika nyumba hiyo yatokea mauti mara tatu, lakini sababu zake hazifanani hata kidogo.

Taylor aua akijikinga, yeye na mumewe, mbele ya mtu aliyewajia kwa kisu. Simone amsaidia mumewe kufa, kwa kuwa amepatwa na UKIMWI, na siku zile dawa haikuwapo. Ni Beth Ann peke yake anayepanga kifo cha mumewe kwa uchungu wa ndoa. Mumewe alimdanganya kwa mwanamke mwingine. Tena alimwachia miaka mingi mzigo wa hatia ya kifo cha binti yao, hali kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Lakini yuko mtu wa nne, ambaye twawaomba mumwangalie sana. Jina lake Mary, jirani ya Beth Ann, naye hupigwa na mumewe. Beth Ann ayaona majeraha yake na kumhurumia. Basi afanya nini? Apanga mambo kwa hila, hata mume wa Mary ampiga risasi mume wa Beth Ann, akapelekwa gerezani. Hivyo wake wawili waondolewa waume zao kwa siku moja. Watazamaji hucheka, maana mchezo umetungwa ili wacheke. Sisi tusicheke upesi. Jirani aliona, akataka kusaidia, wala hakujua msaada mwingine ila kifo. Hapo ndipo pana somo letu.

2. Hesabu iliyo kweli

Kabla hatujaendelea, tusipotoshwe na mchezo. Anayetazama hadithi hizi aweza kudhani kwamba hatari ya ndoa ni mke. Hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017 yaonyesha kinyume chake: katika kila watu 100 waliouawa na mume, mke au mpenzi wao duniani, 82 walikuwa wanawake. Nchini mwetu Tanzania, uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake wanne katika kila kumi, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamepata kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Basi mke auaye ni nadra, na mke apigwaye si nadra. Tukitaka kumwelewa yule wa kwanza, hatuna budi kuanza kwa yule wa pili.

3. Milango minne

Tutwae mfano. Si habari ya mtu mmoja, bali kila mwalimu wa kanisa ataitambua.

Mama mmoja wa uwandani amelima mahindi na maharagwe tangu mvua za kwanza. Mwezi wa saba magunia yamejaa. Mumewe ayauza kwa mchuuzi, akaa siku tatu asionekane, kisha arudi bila fedha, ananuka pombe. Mke auliza habari ya ada ya shule, naye ajibiwa kwa kofi. Mwaka wa pili ni vivyo hivyo, na kofi limekuwa fimbo.

Ndipo aenda kubisha mlango wa kwanza, kwa mama mkwe. Aambiwa, "Hata mimi nilipigwa, wala sikufa." Abisha mlango wa pili, kwa baba yake. Baba ampenda, lakini akumbuka mahari ya ng'ombe aliyokwisha kuyatumia, asema, "Rudi kwako." Abisha mlango wa tatu, kwa mzee wa usharika. Aambiwa, "Vumilia, omba, atabadilika." Mlango wa nne ni wa mganga, naye ampa limbwata, ili mume apendezwe naye tena. Watu husema kwamba maana ya jina la Sumbawanga ni "tupa uchawi". Lakini mtu aliyefukuzwa kwa watu wote hurudia hata kile kilichokwisha kutupwa.

Baada ya hapo hunyamaza. Majirani husema, "Siku hizi nyumba ile imetulia." Haikutulia. Mama yule ameacha kubisha tu. Na wengine katika kunyamaza huko huwaza mauti: ya mume, au yao wenyewe, au hata ya watoto. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la mama aliyewapa watoto wake sumu baada ya ugomvi na mumewe. Watoto watatu walikufa, na rufani yake ilikataliwa. Wale watoto hawakuwa na kosa lolote katika ugomvi ule.

4. Sheria hupima saa, haipimi miaka

Wako wasemao, "Hakimu atamhurumia, maana ameteswa sana." Ni vema tujue sheria isemavyo. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1945, yakubali kwamba mtu aliyeua kwa ghadhabu ya ghafula, akiwa amechokozwa pale pale, kabla moyo haujapoa, huhukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Lakini aliyengoja, aliyevumilia miaka kumi kisha akaua mume amelala, kwake kinga hiyo huwa ngumu kuipata, nayo adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa.

Fikirini jambo hili, enyi wazee. Uvumilivu ule ule tuliomshauri ndio utakaomshitaki. Aliyekasirika saa moja apata nafuu, aliyeumia miaka kumi akosa. Kwa hiyo mlango wa mahakama haumfai aliyekwisha kuua. Umfaao ni ule ulio wazi kabla ya damu kumwagika.

5. Milango iliyo wazi, tusiyoionyesha

Milango hiyo iko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi ya kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke kumpiga mumewe. Sheria hiyo hiyo yataka wenye ugomvi waende kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuomba talaka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Nayo yaruhusu baraza la watu wa dini likubaliwe kwa kazi hiyo. Habari ya mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi ya mke nyumbani nayo yahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Basi mama yule wa mahindi hakukosa haki. Amekosa mtu wa kumwambia. Tena yako madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017.

Lakini usuluhishi ni neno la kuangaliwa. Kumrudisha mke chini ya fimbo ile ile na kuandika katika kitabu "wamepatana" si usuluhishi. Baraza lisilomwuliza mume mbele ya mashahidi, "Umeiacha fimbo?", limepatanisha karatasi.

6. Amri ya tano na jirani

Tusimsifu mke auaye. Mume aliyeuawa alikuwa mwana wa mtu na baba wa watoto, na toba yake imekatwa. Kosa la mmoja halihalalishi kosa la mwingine. Tena wako waume wanaoteswa na wake zao, wakaona haya kusema. Na hao pia wabisha.

Walakini tuliojifunza Katekisimo Ndogo twakumbuka namna Luther alivyoieleza amri ya tano. Hakukomea kukataza kuua na kudhuru. Alisema yatupasa pia kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Basi amri hii haimhusu mwenye kisu peke yake. Yamhusu mama mkwe, na baba mwenye ng'ombe, na jirani aliyesikia kilio usiku akavuta blanketi. Yatuhusu na sisi. Twakiri kwamba mara nyingi tumesema "vumilia" kwa sababu ni neno fupi, nasi tulitaka kurudi kulala.

Tangu leo, mke au mume akija kwako na habari ya kupigwa, umwulize kwanza, "Usiku huu utalala wapi salama?" Swali hilo likiisha kujibiwa, ndipo yafuate maombi na mashauri. Pengine kwa swali hilo moja utakuwa umeokoa watu wawili, yule aliyekuja na yule aliyemwacha nyumbani.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika mfano wetu, ni mlango upi ungalifunguka kwa urahisi kuliko yote? Ni nini kiliufunga?
2. Jirani wa Mary alimsaidia vibaya. Angaliweza kufanya nini kingine?
3. Je, katika usharika wenu mke apigwaye ajua aende kwa nani? Mtajeni kwa jina.
4. Kuvumilia na kunyamaza vyatofautianaje?