Masikio ya Fundi

Fundi wa msumeno wa mbao au wa kinu cha kusaga mahindi katika mtaa wa Kapsoya, Eldoret, hupotewa na masikio polepole, wala hapati maumivu ya kumwonya. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vipokeavyo sauti. Zikifa kwa kishindo cha mashine, haziotoi tena. Kwanza hupotea sauti nyembamba: fundi husikia kwamba anasemeshwa asipambanue maneno, naye hudhani watu wananong'ona.

Je, aache kazi? Si lazima, maana kiasi kilichosalia chaweza kulindwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zakataza kelele ambayo wastani wake wa saa 8 wapita desibeli 90. Tena ikizidi 85 mwajiri hana budi kuwa na mpango wa kuipunguza. Pamba, ambayo wengi huitegemea, haitoshi hata kidogo. Vyatakiwa vizibo hasa, au vifuniko vya masikio. Aliyekwisha kudhurika na apimwe hospitalini, ahamishwe mbali na mashine kubwa iwezekanapo, na wenzake wamsemeshe uso kwa uso, wakimpa ishara ya mkono kabla ya kuwasha msumeno.