Breki ya ghafla katika gari lisilo na dereva

Mtu akitajiwa gari linalojiendesha, huwaza jinsi litakavyogonga wapita njia. Ana haki ya kuogopa. Lakini ipo hatari nyingine, nayo humkabili aliyeketi ndani.

Mnamo Februari 2020, jiji la Columbus nchini Marekani lilianzisha mabasi madogo yasiyo na dereva katika mtaa wa Linden. Mtaa huo ulikuwa umesumbuliwa na vifo vya watoto wachanga, na wakazi wengi hawakuwa na magari. Mabasi hayo yaliwaunganisha na kituo cha mabasi makubwa na huduma za jamii. Ndani alikuwamo mhudumu wa kuchunga mtambo.

Kabla ya mwezi kwisha, basi moja lilifunga breki ghafla, na abiria akaanguka kutoka kitini hadi sakafuni. Lilikuwa likienda kama kilomita 11 tu kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Serikali ya Marekani ilisimamisha ubebaji wa abiria katika mabasi 16 ya aina hiyo.

Je, mwendo mdogo hivyo waweza kumwangusha mtu? Naam. Gari linaposimama, mwili huendelea mbele hadi uzuiwe na mshipi, kiti au sakafu. Katika matatu, abiria humwona mkokoteni anayeuona dereva, akashika chuma na kukaza misuli mapema. Mtambo hauna ishara hiyo. Ukitilia shaka kitu mbele, husimama papo hapo, na abiria huenda anasoma gazeti.

Kijana atainuka na kujipangusa. Mzee ambaye mifupa yake imedhoofika aweza kuvunjika nyonga, na wengi wa wanaovunjika nyonga uzeeni hawarudii kutembea kama zamani. Mama mjamzito naye yuko hatarini: pigo la tumbo laweza kung'oa kondo la nyuma hata pasipo jeraha la nje. Akianguka, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje maumivu, damu au mtoto kupunguza kucheza.

Kinga yenyewe si ya ajabu. Keti, usisimame. Funga mshipi hata safari ikiwa ya dakika tano. Mjamzito apitishe mshipi wa chini mapajani, chini ya tumbo, na ule wa juu katikati ya matiti. Mzigo uwekwe sakafuni, usipakatwe.

Kuanzia Julai 2020, wakati wa korona, basi la Linden lilibeba masanduku ya chakula badala ya watu, takribani 3,600 kwa jumla kabla ya huduma kwisha mwaka 2021. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi iliyolifaa zaidi, kwani sanduku la unga likianguka halihitaji daktari wa mifupa.