Shahada ya Saikolojia na Hojaji ya Maswali Tisa

Mwanafunzi anapopangiwa kusoma saikolojia katika shahada ya kwanza, nyumbani hutarajiwa kwamba baada ya miaka mitatu au minne atarudi akiwa tabibu wa nafsi. Wagonjwa nao hudhani hivyo, na hata baadhi ya wahudumu wa afya humkabidhi mhitimu mgonjwa aliyezidiwa kana kwamba wanamkabidhi kwa daktari bingwa. Matarajio hayo ni mazito kuliko shahada yenyewe.

Saikolojia ni taaluma ya kuchunguza tabia na akili ya mwanadamu kwa vipimo. Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, hakuwa akitibu watu humo. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupima muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga. Asili hiyo ingali hai katika mitaala. Mwanafunzi husoma ukuaji wa mtoto, kumbukumbu, ubongo, mahusiano ya watu na matatizo ya akili. Lakini somo linalowashtua wengi ni takwimu. Wapo waliozikimbia hesabu sekondari wakazikuta zinawangoja chuoni.

Faida ya somo hilo huonekana kliniki. Hojaji ya PHQ-9, inayotumika kuchunguza dalili za sonona, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kikomo cha alama 10 kiliwatambua watu 88 katika kila 100 wenye sonona, na kuwaondoa kwa usahihi 88 katika kila 100 wasio nayo. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mwenye alama 10 ana uwezekano wa asilimia 88 wa kuwa mgonjwa. Sivyo. Ichukuliwe kliniki yenye watu 100, ambao 10 kati yao wana sonona. Hojaji itawapata 9 hivi. Katika 90 waliobaki, itawahesabu 11 hivi kimakosa. Waliofikisha alama 10 watakuwa 20, na zaidi ya nusu yao hawana ugonjwa huo. Huenda mmoja amefiwa. Mwingine ana upungufu wa damu, maana hojaji huuliza pia juu ya uchovu, usingizi na hamu ya kula. Aliyefundishwa takwimu hachukui alama kuwa hukumu. Huzichukua kuwa sababu ya kuketi na mgonjwa na kuuliza zaidi.

Lugha nayo ina uzito wake. Nchini Zimbabwe, Washona hutumia neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kueleza dhiki ambayo daktari angeiita sonona au wasiwasi. Mswahili naye husema ana mawazo, au moyo wake mzito, na pengine hataji huzuni hata mara moja. Anayesoma hojaji neno kwa neno bila kusikiliza atampita mgonjwa huyo.

Asichopata mwanafunzi katika shahada ya kwanza ni ruhusa ya kutibu. Uingereza, anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huendelea kwa mafunzo ya shahada ya uzamivu katika saikolojia tiba, kwa kawaida miaka mitatu zaidi, chini ya usimamizi. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014. Kuandika dawa si kazi ya mhitimu huyu popote. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayemhudumia amesomea nini na anasimamiwa na nani, na swali hilo si utovu wa adabu.

Swali la tisa la hojaji linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Likipata alama yoyote zaidi ya 0, jumla haingojwi: mgonjwa huulizwa waziwazi, haachwi peke yake, na daktari au mtaalamu wa afya ya akili huitwa siku hiyo hiyo.