Anageuza kichwa huku na huku: je, ni uziwi?

SWALI: Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba. Siku hizi nikimwita anageuza kichwa huku na huku kabla ya kunijibu. Ameanza kuwa kiziwi? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, kugeuza kichwa peke yake si uziwi, ni sehemu ya kusikia. Sauti ya kuume hufika kwanza sikio la kuume, kisha la kushoto baada ya muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena imefifia kwa kuwa kichwa kimeikinga. Ubongo hupima tofauti hiyo. Lakini manseba, yaani dereva wa teksi ya pikipiki, akipiga honi mbele yako sawasawa, au nyuma yako sawasawa, masikio yote huipata pamoja na tofauti hakuna. Hapo shingo huingia kazini: ukigeukia kuume kidogo, sauti ya mbele hutangulia kufika sikio la kushoto, na ya nyuma hutangulia la kuume. Mwaka 1940, huko Marekani, mwanasaikolojia Hans Wallach alihamisha sauti kutoka spika hadi spika kadiri wasikilizaji walivyogeuza vichwa, na sauti iliyotoka mbele wakaisikia nyuma. Masikio hayakuwa na kasoro. Ubongo ulikuwa umefuata hesabu ya shingo.

Utasema honi hukatika kabla mtu hajageuka. Kweli, na kwa sauti fupi mikunjo ya sikio la nje husaidia, maana huipokea ya mbele tofauti na ya nyuma. Ila msaada huo hutegemea zaidi sauti nyembamba, na kelele za mashine huanza kuharibu usikivu hukohuko. Ndiyo sababu maneno yako mawili, “siku hizi” na “huku na huku”, yananishughulisha kuliko kugeuka kwenyewe. Mwenye masikio mazima hugeuka kidogo akakuona. Anayetafuta asipate, au anayekutegea sikio lilelile kila mara, huenda sikio moja limedhoofika, na ubongo umekosa cha kulinganisha. Huenda pia ni nta tu. Asiichokonoe kwa kijiti. Mwambie afumbe macho, umwite polepole kutoka pande mbalimbali, naye aonyeshe kwa kidole. Akikosea mara nyingi, aende kwa daktari wa masikio apimwe kila sikio peke yake. Sikio likiziba ghafla, aende siku hiyohiyo.